Saluni, uwakala wa pesa, kuosha magari au steshenari: ukinunua biashara iliyokwisha simama, mteja unampata kweli?

"Saluni inauzwa Sinza, ina wateja wake, mmiliki anasafiri." "Uwakala unauzwa Mbagala pamoja na laini zake zote." "Steshenari karibu na chuo, bei maelewano, dalali kaa pembeni." Ukifuatilia matangazo ya biashara zinazouzwa Dar es Salaam utadhani nusu ya wafanyabiashara wa mji huu wanasafiri. Sijaona hata mmoja aliyeandika kwamba mwenye fremu kapandisha kodi, au kwamba kinyozi wake mkuu kafungua ya kwake mtaa wa nyuma.

Siwalaumu, kuuza ni kuuza. Ila bei wanayotaja huwa na mafungu matatu: vifaa, fremu na kilemba. Vifaa unavikagua. Fremu unaiona na mkataba wake unausoma. Kilemba ndicho kinacholipia wateja, na wateja hawaandikwi kwenye orodha ya makabidhiano. Kwa hiyo nikilinganisha biashara hizi nne, swali langu la kwanza kwa kila moja ni hili: mteja kashikwa na nini? Kuna anayekuja kwa sababu ya mkono wa mtu, kuna anayekuja kwa sababu ya mahali, na kuna anayekuja kwa sababu huduma iko wazi saa anayoihitaji. Wa kwanza huwezi kumnunua hata ulipe mamilioni. Hao wengine inawezekana, ukiwa makini.

Saluni ya kiume

Kwa macho ndiyo inayovutia kuliko zote. Viti vya kuzunguka, vioo ukuta mzima, taa za rangi, televisheni ya mpira. Ukimuuliza muuzaji hesabu zake atakwambia kila kinyozi analaza hesabu fulani kwa siku, kinachozidi ni chake kinyozi. Utaratibu mzuri, hauhitaji uhesabu vichwa. Lakini una maana ambayo mnunuzi mgeni haioni haraka: mteja hamjui mmiliki, anamjua aliyemshika kichwa. Ana namba yake ya simu, anampigia kuuliza kama yupo kabla hajatoka nyumbani. Kinyozi huyo akihama, wateja wake wanahama naye.

Tuchukue hesabu za mfano. Saluni ina viti vitatu, kila kiti kinalaza shilingi 15,000, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni 1,170,000. Toa pango 300,000, umeme 120,000, mashine na dawa na taulo 80,000, ulinzi na taka 30,000, fungu la leseni na kodi 40,000. Inabaki 600,000. Muuzaji anataka milioni 9, wewe unapiga hesabu kwamba miezi 15 fedha yako imerudi, unatabasamu.

Sasa muulize nani anakaa kiti cha tatu. Mara nyingi ni yeye mwenyewe. Saluni hizi nyingi zilianzishwa na vinyozi, na mwenye mkono mzuri kuliko wote ni mwanzilishi. Siku anayokukabidhi funguo, kiti kile kinakuwa kitupu na 390,000 zinaondoka nacho, huku pango likibaki palepale. Zinabaki 210,000, na milioni 9 yako itarudi baada ya karibu miezi 43. Hapo hujahesabu siku ambazo kinyozi wa pili amegundua kwamba bosi mpya hajui hata kushika mashine, akaanza kuleta hesabu pungufu kwa kisingizio cha mvua.

Kwa hiyo ukiwa wewe ni kinyozi, saluni inafaa, kwa sababu kiti cha tatu unakikalia mwenyewe. Kama siyo, usilipe kilemba kikubwa. Lipia vifaa kwa bei ya mtumba na weka kitu kidogo juu kwa ajili ya fremu yenyewe. Kabla ya hapo, ongea na vinyozi waliopo bila muuzaji kusikiliza. Waulize wamekaa muda gani na kama wanabaki. Wakiwa wote wamekuja mwaka huu, wateja wa kukuuzia hawapo. Saluni za kike zina ugonjwa huohuo kwa kiwango kikubwa zaidi, maana msusi mzuri anafuatwa hata akihamia Chanika.

Jambo jingine ni umeme. Wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere haujawashwa Februari, saluni isiyo na jenereta ilikuwa kijiwe tu. Uliza jenereta iko wapi na iwashwe ukiwa umesimama hapo.

Uwakala wa pesa

Hapa mambo yanageuka. Mteja wa uwakala hana mapenzi na mtu yeyote. Anatoa hela palipo karibu, palipo wazi, na penye keshi ya kutosha asiambiwe "jaribu kwa jirani". Hivyo ukichukua fremu nzuri ya uwakala karibu na kituo cha daladala au soko, wateja wanabaki hata mwenyewe akibadilika, mradi usikose floti, yaani salio la kwenye laini. Kwa kigezo changu cha kwanza uwakala unaipiku saluni kwa mbali.

Una faida ya pili ambayo watu hawaitaji. Katika saluni, fedha ya kununulia inazama kwenye vioo na viti. Katika uwakala, sehemu kubwa ya mtaji ni floti na keshi, na siku ukichoka unaichomoa. Ukiambiwa uwakala unauzwa milioni 8 na ndani yake mna floti ya milioni 5, kilemba halisi ni milioni 3 kasoro meza na kabati. Vitenganishe hivyo kwenye mazungumzo, maana muuzaji atapenda kuitaja namba moja.

Kuthibitisha mapato nako ni rahisi kuliko kokote. Kamisheni inalipwa na kampuni ya simu, siyo na mdomo wa muuzaji. Omba taarifa ya miamala na kamisheni ya miezi 12 ya kila laini, M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money, HaloPesa, na uwakala wa benki kama upo. Akisema amefuta meseji, achana naye.

Lakini ndipo palipo na shimo. Laini ya uwakala imesajiliwa kwa jina, kitambulisho cha NIDA na alama za vidole vya mtu. Tangu usajili wa vidole uanze 2019 na laini zisizosajiliwa kuanza kuzimwa Januari 2020, mwenye kidole ndiye mwenye laini. Kuna watu mitaani wananunua laini ya wakala kwa karatasi ya makubaliano na mashahidi wawili, wanaweka floti ya milioni kadhaa, halafu siku moja laini inazima. Mwenye jina ameenda dukani akasema laini yake imepotea, akapewa nyingine yenye salio lote. Karatasi ile utaenda nayo polisi, lakini floti imeshakwenda. Badilisha umiliki kupitia kampuni au wakala mkuu anayewasimamia, na kama hawakubali, nunua fremu na vifaa tu, uombe laini zako mwenyewe kwa TIN na leseni yako. Utakaa wiki kadhaa bila huduma kamili, nayo ni hasara nafuu.

Faida yenyewe nayo iko mikononi mwa wengine. Mawakala wanaikumbuka tarehe 15 Julai 2021, tozo za miamala zilipoanza na watu wakarudi kubeba keshi mifukoni. Septemba mwaka huohuo zikapunguzwa kwa asilimia 30, baadaye zikapunguzwa tena, lakini somo lilibaki: kamisheni yako inapangwa ofisini ambako hujawahi kufika. Na kila duka la Mangi linalobandika Lipa Namba ni watu kadhaa kwa siku ambao hawana tena sababu ya kuja kutoa hela kwako. Uwakala wa kununua leo uwe ule ambao taarifa zake za miezi 12 hazishuki.

Na usalama. Sitaurefusha, kila mtu anajua habari za mawakala waliofuatwa jioni wakifunga. Kama hutakuwepo wewe, ndugu yako au mtu unayemwamini kwa hela taslimu, uwakala haukufai.

Kuosha magari

Hii ndiyo biashara inayoonekana ya kiume kuliko nyingine, na wanunuzi wengi wanaipenda kwa sababu wao wenyewe ni wateja wake. Mteja kashikwa na mahali: njia anayopita akitoka kazini, kivuli, na cha kufanya wakati anasubiri. Mkono wa kijana anayeosha una thamani, ila hauzidi eneo. Kwa kigezo hicho, inauzika.

Tatizo ni kwamba mahali penyewe hapauziki. Sehemu nyingi za kuoshea magari zipo kwenye kiwanja cha wazi ambacho mwenyewe anasubiri apate fedha ajenge, au kwenye hifadhi ya barabara. Mwaka 2017 nyumba na fremu za kando ya Barabara ya Morogoro kutoka Kimara kwenda Kiluvya zilivunjwa kupisha upanuzi, na Oktoba 2021 wamachinga waliondolewa kando ya barabara mji mzima. Ujenzi wa njia za mwendokasi nao umefunga maegesho ya watu wengi ambao hawakubomolewa hata tofali moja. Gari haliwezi tu kukata kona kuingia. Ukikuta alama ya X nyekundu kwenye ukuta wa jirani, usiulize bei.

Kinachofuata ni maji. Oktoba 2022 kina cha Mto Ruvu kiliposhuka, DAWASA ilitangaza mgao, na wenye kutegemea bomba peke yake walisimama. Ndiyo maana kisima kinatajwa kwenye tangazo kwa herufi kubwa. Onja hayo maji. Visima vingi vya ukanda wa pwani vina chumvi, na maji ya chumvi yanaacha madoa kwenye rangi nyeusi, yanaua pampu na mashine ya kusukuma maji. Angalia pia maji machafu yanakwenda wapi. Yakielekezwa kwenye mtaro wa mtaa, NEMC, baraza la mazingira, au halmashauri ikija, faini itakuwa yako siyo ya aliyesafiri.

Mapato ya hapa ni magumu kuthibitisha, kwa kuwa vijana wanalipwa kwa gari na daftari linaandikwa jioni kwa kumbukumbu. Njia ninayoiamini ni kukaa. Kaa hapo Jumamosi nzima, kisha Jumanne, uhesabu magari mwenyewe. Ukienda wakati wa kiangazi, kumbuka kwamba masika kuanzia Machi hadi Mei huwa na siku nzima ambazo hakuna gari linaloingia. Na ukitazama vizuri utagundua kwamba sehemu nyingine hazipati faida kwenye maji hata kidogo: faida iko kwenye soda, bia na nyama choma ya pembeni. Hapo uliza kama jiko linauzwa pamoja, au ni la shemeji yake.

Steshenari

Haina mvuto. Mashine ya kutoa kopi, kompyuta mbili, kamera ya picha za pasipoti, mashine ya kulaminisha, kaunta yenye peni na bahasha. Lakini kwa mnunuzi asiye na ufundi maalumu, hii ndiyo ninayoiweka juu, na nitakwambia kwa nini.

Kwanza, mteja kashikwa na jirani mkubwa asiyehama: chuo, mahakama, ofisi ya halmashauri, hospitali. Mtu aliyeambiwa dirishani "leta kopi mbili za kitambulisho" hatachagua steshenari kwa urafiki. Anaingia ya kwanza anayoiona. Hilo unaweza kulinunua, kwa sababu ofisi ile itaendelea kudai kopi.

Pili, mashine haisemi uongo. Karibu kila mashine ya kopi ina kihesabio cha kurasa zote ilizotoa tangu kiwandani. Piga picha namba ile leo, rudi baada ya wiki mbili upige tena. Muuzaji anayedai kurasa 1,000 kwa siku halafu kihesabio kikasogea 4,000 kwa siku 12 za kazi, amekujibu. Kihesabio hichohicho kinakwambia mashine imebakiza umri gani; iliyokwisha kutoa kurasa milioni kadhaa itakuomba vipuri kuliko inavyokupa faida.

Udhaifu wake ni kwamba kopi zinapungua mwaka hadi mwaka. Fomu zilizokuwa za karatasi sasa ziko mtandaoni: mikopo ya wanafunzi ya HESLB, maombi ya vyuo, mfumo wa ajira, usajili wa biashara wa BRELA. Hapo ndipo steshenari hutofautiana. Ile inayojua kumjazia mtu fomu hizo, kumpakilia vyeti na kumtengenezea wasifu imehamia kwenye fedha mpya, na bei yake kwa mteja mmoja inazidi kopi nyingi. Ile inayotegemea kopi na peni inanunuliwa kwa bei ya vifaa tu. Uliza nani anayejaza fomu. Kama ni binti mmoja aliyeajiriwa miaka minne iliyopita, yeye ndiye biashara, na mshahara wake ujadiliwe kabla ya bei.

Angalizo dogo: nywila za wateja hukaa kwenye kompyuta za steshenari kwa wingi wa kutisha. Zifutwe siku ya makabidhiano.

Kununua au kuanza upya?

Watu hulinganisha kilemba na sifuri, wakati walipaswa kulinganisha na gharama ya kusubiri. Ukifungua fremu mpya utalipa pango, umeme na mshahara miezi kadhaa kabla wateja hawajakuzoea. Tuseme kila mwezi unatumia 700,000 na unaingiza 300,000 kwa miezi sita ya mwanzo: kusubiri kumekugharimu 2,400,000. Kilemba kisichozidi hapo kina mantiki. Kikizidi mara mbili, nenda kanunue vifaa vipya.

Kwa saluni, mara nyingi kuanza upya na vinyozi wawili wazuri kunashinda kununua. Kwa uwakala na steshenari ni kinyume, kwa sababu sehemu nzuri zimeshachukuliwa. Kuosha magari kunategemea kiwanja. Ukipata chenye mkataba wa miaka, anza mwenyewe.

Kwa aliye mbali

Wapo wanaonunua wakiwa Muscat au Dubai, au wana ajira zao na biashara itaendeshwa na mdogo wao. Kwa hao, saluni ya kulaza hesabu inavumilika, japo itachakaa. Steshenari inasimamika kwa picha ya kihesabio kila jioni. Kuosha magari bila mwenyewe ni sadaka. Uwakala, usithubutu, labda mdogo huyo awe mtu unayemwamini kwa hela taslimu.

Makabidhiano

Biashara nyingi hizi ni za jina la mtu, siyo kampuni. Kwa hiyo hununui "biashara" kisheria. Unanunua vifaa, unachukua pango, na unaanza na TIN yako na leseni yako. TIN yake haihamii kwako, na usikubali "tumia tu leseni yangu mpaka iishe". Kama ni kampuni na unanunua hisa, madeni yake ya TRA na NSSF yanakuja pamoja na hisa, hivyo mhasibu aipitie kwanza.

Wafanyakazi walipwe stahiki zao na muuzaji kabla hujaingia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10, kwa anayeachishwa baada ya kutimiza miezi 12 kazini. Msipoliweka sawa, siku ukimpunguza mtu ataanza kuhesabu tangu enzi za bosi wa kwanza.

Usimpe muuzaji fedha yote. Baki na theluthi moja hivi, uilipe baada ya miezi mitatu ikiwa mambo ni kama alivyosema, na mkataba utaje kwamba hatafungua huduma ileile katika kata hiyo kwa muda mtakaokubaliana. Anayesafiri kweli hatasumbuka na kipengele hicho.

Halafu mwenye fremu. Yeye aonwe kabla ya mwanasheria, kabla ya dalali, kabla hata ya kujadili bei. Mkataba wa pango uko kwa jina la muuzaji na pengine umebakiza miezi miwili, na wenye nyumba wengi husubiri mpangaji mpya ndipo wapandishe. Uliza pia nani anabeba ile asilimia 10 ya kodi ya zuio ambayo mpangaji wa biashara anatakiwa kuikata kwenye pango na kuipeleka TRA. Akikwambia "mimi nataka laki tatu yangu kamili", basi pango lako ni 333,333. Akikataa kusaini mkataba mpya kwa jina lako wa angalau mwaka mmoja, mshukuru muuzaji kwa muda wake, uondoke na hela yako.